Ishara ya Kugonga: Tunajifunza Nini kwa Mwalimu wa Jujitsu ya Watoto?

Mwalimu mwanafunzi aghalabu hutafuta mifano ya ufundishaji bora ndani ya kuta za darasa tu. Hilo si kosa, lakini lina upungufu wake. Wako walimu wasioshika chaki ambao kazi yao, kama yetu, ni kulea akili na mwili wa mtoto. Katika makala haya tutamtazama mmoja wao, yaani mwalimu anayefundisha watoto jujitsu ya Kibrazili. Tutaeleza asili ya mchezo wake, namna anavyoendesha somo, jinsi ya kumpambanua mwalimu mwema na asiyefaa, na jambo moja ambalo sisi walimu wa shule za msingi tungefaa kulichukua kwake.

Asili ya mchezo

Mchezo huu una nasaba ya ualimu. Judo, ambayo ndiyo mama yake, iliasisiwa mjini Tokyo mwaka 1882 na Jigoro Kano, ambaye kwa miaka mingi alikuwa pia mkuu wa chuo cha juu cha ualimu mjini humo. Kano alizichukua mbinu za mapigano ya kale ya Kijapani, akaziweka kando zile za hatari, ili vijana waweze kushindana kwa nguvu zao zote bila kujeruhiana. Mwanafunzi mmoja wa judo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na baadaye akafanya maskani yake Belém, kaskazini mwa nchi hiyo. Elimu hiyo ikaifikia jamaa ya Gracie, na ndugu wawili, Carlos (1902–1994) na Hélio (1913–2009), wakaistawisha Rio de Janeiro.

Jamaa hiyo husimulia kwamba Hélio alikuwa kijana dhaifu wa mwili, na kwamba alijifunza kwanza kwa kumtazama kaka yake akifundisha. Mchezo wenyewe unaafikiana na masimulizi hayo. Hakuna kupiga ngumi wala teke. Mchezaji humwangusha mwenziwe, humdhibiti chini, kisha humkaba au humkunja kiungo mpaka akubali kushindwa. Kinachotegemewa zaidi ni kanuni ya wenzo, wala si wingi wa misuli.

Somo linavyoendeshwa

Watoto wa Brazili humwita mkufunzi wao *professor*, neno ambalo kwa Kireno ni mwalimu tu, awe wa shule ya msingi au wa chuo kikuu. Hebu tumfuate katika somo lake.

Kwanza watoto hupanga mstari na kusalimu. Kisha huja mazoezi ya kupasha mwili joto, ambayo kwa wadogo huwa michezo: kutambaa kama dubu, au kujikunja na kusogeza nyonga nyuma kama kamba wa baharini. Mtoto hudhani anacheza, kumbe anajifunza mwendo uleule atakaouhitaji atakapolaliwa na mwenziwe. Hapo pana kanuni tunayoifundisha vyuoni kila siku: kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana.

Baadaye mwalimu huonyesha mbinu moja, polepole, mara kadhaa, kwa maneno machache. Watoto huirudia wawili wawili, mmoja akitenda na mwingine akitendewa, kisha hubadilishana. Mwisho hushindana kwa muda mfupi, kila mtoto na mwenziwe wa umri na uzito unaokaribiana.

Katika kufundisha, nafasi hutangulia ushindi. Mtoto hujifunza kwanza kukaa mahali salama, kisha ndipo afikirie kumshinda mwenziwe. Hata alama za mashindano hufuata mpango huo: kumwangusha mpinzani ni alama 2, kuipita miguu yake iliyokuzuia ni alama 3, kumkalia kifuani ni alama 4.

Ishara ya kugonga

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala haya. Mtoto anayekabwa au kukunjwa mkono, akiona hawezi kujitoa, humgonga mwenziwe kwa kiganja mara mbili au zaidi, au hugonga mkeka, au husema kwa sauti. Papo hapo mwenziwe hana budi kumwachia. Hakuna kuuliza, hakuna kungoja kidogo.

Ishara hii si adabu tupu. Kabari iliyoshika barabara huweza kumzimisha mtu fahamu kwa sekunde chache, na kiwiko kinachokunjwa kupita kiasi huteguka. Mifupa ya mtoto ingali inakua, na sehemu zake za kukulia ni laini. Kwa hiyo mwalimu mwema huifundisha ishara hiyo kabla ya kabari yoyote, na huwaonyesha watoto kwamba yeye mwenyewe hugonga anaposhindwa. Mtoto anayegonga hachekwi. Huulizwa, “Ulinaswa wapi?” kisha wawili hao hushikana mikono na kuanza upya.

Angalieni maana yake. Mtoto amepewa haki ya kusema “basi” bila aibu, na mwenziwe amepewa wajibu wa kuitii sauti hiyo hata akiwa karibu kushinda. Mahali ambapo kugonga ni fedheha, mtoto atavumilia mpaka aumie.

Mikanda

Kadhalika, mwalimu huyu hupima maendeleo kwa hatua ndogo. Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huo, mtoto huanza na mkanda mweupe. Mkanda wa kijivu huweza kupatikana kuanzia umri wa miaka 4, wa manjano miaka 7, wa rangi ya chungwa miaka 10, na wa kijani miaka 13. Mkanda wa buluu hautolewi kabla ya miaka 16. Kwa mpango huu mtoto huona maendeleo yake mara kwa mara, wala haharakishwi kupita umri wake.

Kumjua mwalimu mwema

Huko Abu Dhabi mchezo huu uliingizwa shuleni kuanzia mwaka 2008, na wakufunzi wengi wakatoka Brazili. Mwalimu wa shule anaweza basi kujikuta akitakiwa kuwakabidhi wanafunzi wake kwa mkufunzi asiyemjua. Atazame nini? Mkanda mweusi hushuhudia ustadi wa kupigana. Haushuhudii ustadi wa kufundisha, wala tabia. Tunashauri yafuatayo yaangaliwe:

1. Je, wazazi huruhusiwa kutazama somo wakati wowote? Anayefunga mlango asikabidhiwe mtoto.
2. Je, huepuka kukaa faraghani na mtoto mmoja?
3. Je, huwalinganisha watoto kwa umri na uzito kabla ya kuwashindanisha?
4. Je, mikeka husafishwa, kucha hukatwa, na mwenye choa hupumzishwa mpaka apone?
5. Mtoto anapogonga, mkufunzi hutazama wapi? Kama humsifu mshindi na kumsahau aliyeshindwa, jihadharini naye.

Yanayotuhusu darasani

Mwalimu akimaliza kueleza hesabu za kugawanya huuliza, “Mmeelewa?” Darasa zima huitika, “Ndiyo, mwalimu!” Kila mmoja wetu amepata kuisikia sauti hiyo, na kila mmoja anajua kwamba ndani yake wamo waliokabwa ambao hawakuthubutu kugonga. Mtoto huyo huendelea kuvumilia somo baada ya somo, mpaka siku moja anaamini kwamba hesabu si zake. Jeraha hilo halionekani kama kiwiko kilichoteguka, lakini huweza kudumu zaidi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, siku ya kwanza ya muhula patanisheni ishara ya “sijaelewa”, kwa mfano kuweka kiganja juu ya dawati. Pili, mwalimu aitumie mwenyewe: akikosea ubaoni, akiri mbele ya wanafunzi. Tatu, anayemcheka mwenziwe aonywe palepale, bila kuahirisha.

Lakini ifahamike kwamba ishara hii si mlango wa uvivu. Kule mkekani kugonga hukatiza shindano, hakumalizi somo. Wawili huanza tena kutoka pale mmoja wao aliponaswa. Vivyo hivyo, mtoto akisema hajaelewa, mwalimu amrudishe kwenye hatua ya mwisho aliyoifahamu, waanze hapo pamoja. Mtakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, msijipime kwa wingi wa walioitika “ndiyo”. Jipimeni kwa idadi ya waliothubutu kusema “bado”, na kwa yale mliyoyafanya baada ya kuwasikia.