Ibn Majid na Wanaomgombania

Ahmad ibn Majid alikuwa rubani Mwarabu wa karne ya 15, na ndiye baharia wa Bahari ya Hindi anayejulikana zaidi kwa maandishi yake katika zama hizo. Wanahistoria wengi wanasema alizaliwa Julfar, bandari ya kale iliyokuwa mahali palipo sasa Ras al-Khaimah, katika Falme za Kiarabu. Waomani nao humhesabu kuwa wao, na wana hoja: wakati ule mipaka ya leo haikuwapo, na pwani ile ilihesabiwa kuwa sehemu ya Oman. Mwenyewe alijinasibisha na Najd, bara ya Arabuni, mbali na bahari. Lakini nisba hueleza ukoo, si lazima mahali pa kuzaliwa. Mtu wa Julfar aweza kabisa kuwa na asili ya Najd.

Baba yake na babu yake walikuwa marubani wa Bahari ya Shamu, ambako miamba ya matumbawe huvunja vyombo vya wasioijua njia. Baba alitunga utenzi mrefu juu ya njia hizo, na mwana akaongeza aliyoyaona mwenyewe. Mwaka 1462 Ibn Majid alikamilisha *Hawiya*, utenzi wa mistari zaidi ya 1,000 juu ya elimu ya bahari. Kuandika kwa mashairi hakukuwa pambo: rubani hawezi kupekua kitabu usiku katikati ya mawimbi, ila shairi atalikumbuka. Kitabu chake kikubwa cha nathari, *Fawa'id*, kilifuata karibu na mwaka 1490. Hakuwa mnyenyekevu. Alijiita wa nne baada ya mabaharia watatu mashuhuri wa kale, kisha akawakosoa kwamba walikusanya habari za watu bila wao wenyewe kusafiri vya kutosha.

Elimu aliyoiandika ilisimama juu ya nyota na pepo. Ili kujua chombo kiko kaskazini au kusini kiasi gani, rubani alitumia kamali, kibao chenye uzi uliofungwa mafundo. Uzi aliushika kwa meno, akasogeza kibao mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Urefu wa nyota ulihesabiwa kwa vidole, na kila bandari ilikuwa na hesabu yake. Aliyekusudia bandari fulani alisafiri mpaka nyota ifike kipimo chake, kisha akageuza chombo na kuelekea pwani moja kwa moja. Kwa waendao Kilwa na Sofala hesabu ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa kusini ya ikweta nyota ya kaskazini huzama isionekane, ikabidi kupima nyota nyingine. Pepo nazo zilitaka tarehe. Aliyeondoka pwani ya Waswahili kwenda Bara Hindi alitumia mwanzo wa kusi, kabla haijachafuka na kufunga bandari za huko.

Vasco da Gama, nahodha Mreno, alipong'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, rubani aliyepewa na mfalme wa mji alimvusha mpaka pwani ya Malabar kwa siku 23 hivi. Wakati wa kurudi, Wareno waliondoka bila kungoja kaskazi. Walihangaika baharini karibu miezi mitatu, na wengi wakafa kwa kiseyeye. Tofauti ya safari hizo mbili inaonyesha thamani ya rubani yule. Je, alikuwa Ibn Majid?

Anayesema hivyo ni Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, aliyeandika miongo kadhaa baadaye na kudai kwamba Ibn Majid alileweshwa ndipo akaonyesha njia. Mwaka 1922 mtaalamu Mfaransa Gabriel Ferrand alieneza habari hiyo Ulaya, ikaingia hata katika vitabu vya shule. Ushahidi wa Wareno unakwenda kwingine. Shajara ya safari yenyewe inamtaja rubani kuwa Mkristo. João de Barros anamtaja Mwislamu wa Gujarati, Malemo Cana, ambaye hakushangaa hata kidogo alipoonyeshwa astrolabu ya Kireno. "Malemo" hapo ni mwalimu, cheo cha rubani, kwa hiyo halitambulishi mtu. Isitoshe, mwaka ule Ibn Majid alikuwa mzee. G. R. Tibbetts, aliyetafsiri *Fawa'id* kwa Kiingereza mwaka 1971, alitilia shaka simulizi la Makka, na Sheikh Sultan al-Qasimi, mtawala wa Sharjah, aliandika kitabu kizima kumsafisha Ibn Majid. Uzito wa hoja uko upande wao: habari ya kuleweshwa inasikika zaidi kama lawama ya watu waliokwisha kuumizwa na Wareno.

Mvutano haukuishia hapo. Teodor Shumovsky, mwanafunzi wa Leningrad aliyekamatwa mwaka 1938 na kufungwa miaka mingi kambini, alichapisha mwaka 1957 tenzi tatu za Ibn Majid zilizohifadhiwa mjini humo. Mmoja, *Sofaliya*, unaeleza njia za kufika pwani ya Afrika Mashariki, na ndani yake mna mistari inayowataja Wafaranji, yaani Wareno, na kufika kwao Kalikuti, bandari ya Malabar. Wanaoshikilia simulizi la Malindi huisoma kama dalili kwamba aliwafahamu; wapinzani wao wanasema mistari hiyo ilichomekwa na wanakili wa baadaye.