Msichana Aliyewaficha Marubani

Sisi wa Kolwezi twajua maana ya kumficha mtu. Mwezi wa Mei 1978 vita vilipouingia mji wetu, watu walijifungia majumbani siku nyingi, hata askari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli tarehe 19. Wako Wakongo waliowaficha jirani zao Wazungu, wakijua hatari yake. Kwa hiyo habari hii ya Ubelgiji si ngeni kwetu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege za Uingereza, na baadaye za Marekani, zilipita juu ya Ubelgiji kwenda kutupa mabomu Ujerumani. Nyingi zilitunguliwa. Mrukaji aliyeshuka salama kwa mwavuli alijikuta shambani, katika nchi iliyoshikwa na adui, bila kujua njia. Alibisha mlango wa mkulima. Mwenye nyumba alijua vema: mgeni huyu akikamatwa, atapelekwa kambi ya wafungwa, lakini yeye aliyemficha aweza kupigwa risasi. Hata hivyo, wengi walifungua.

Andrée de Jongh alikuwa binti wa mwalimu wa shule, wa Brussels. Mwezi wa Agosti 1941, akiwa na umri wa miaka 24, alifika kwa konseli wa Uingereza mjini Bilbao, Hispania, pamoja na askari mmoja wa Uingereza na Wabelgiji wawili. Alikuwa amewapitisha Ufaransa, kisha akawavusha kwa miguu milima ya Pyrenees. Aliomba fedha za safari tu, akaahidi kuleta wengine. Ndivyo ilivyoanza njia iliyoitwa Comète. Huyu alitoa kitanda, yule nguo za kiraia, mwingine vyeti vya bandia. Milimani aliongoza Florentino Goikoetxea, Mbaski aliyezoea kuvusha magendo usiku. Andrée mwenyewe alivusha watu zaidi ya 100.

Tarehe 15 Januari 1943 alikamatwa katika nyumba ya mkulima chini ya milima hiyo. Alipoulizwa, alikiri kwamba yeye ndiye mkuu wa njia. Wajerumani hawakusadiki kwamba msichana aweza kazi hiyo. Walimfunga Ravensbrück, kisha Mauthausen. Baba yake, aliyeshiriki kazi ile ile, alipigwa risasi Paris mwaka 1944.

Vita vilipokwisha, Andrée alikuja kwetu Kongo, akawauguza wakoma huko Iyonda, karibu na Coquilhatville, ambayo sasa ni Mbandaka. Baadaye alitumika Kameruni, Ethiopia na Senegal. Alifariki mwaka 2007, mwenye miaka 90.

Hakushika bunduki kamwe. Aliyemfungulia mlango mgeni anayewindwa hakuona vigumu kumkaribia mkoma anayekimbiwa na watu. Jina lake limeandikwa vitabuni. Majina ya waliofungua milango hapa Kolwezi hayakuandikwa. Basi, enyi wanafunzi, waulizeni wazee wa nyumbani: mwaka ule wa 1978, nani alibisha mlangoni, na nani alimfungulia?