Paka Ana Mimba? Kipimo cha Duka la Dawa Hakina Jibu

Kijiti cha kupimia mimba kwa mkojo hutafuta homoni moja tu, iitwayo kwa kifupi hCG, ambayo mwili wa mwanamke huanza kuitoa baada ya mimba kutunga na kujishikiza katika mfuko wa uzazi. Paka hatengenezi homoni hiyo. Hata awe amebeba watoto watano na amebakiza siku mbili azae, mkojo wake hautatoa mstari wa pili. Muuza dawa anayempatia mwenye paka kijiti hicho, japo kwa nia njema, humrudisha nyumbani na jibu la uongo.

Jibu hilo lina madhara. Mtoto wa nyumba hiyo akipata choa, mara nyingi paka naye huwa nacho, na wapo wanaomgawia paka vidonge vya griseofulvini alivyoandikiwa mtoto. Dawa hiyo, akipewa paka mwenye mimba, huweza kuwaharibu watoto tumboni wakazaliwa na kaakaa lililopasuka au kasoro za ubongo. Chanjo zenye virusi hai dhidi ya panleukopenia nazo hudhuru ubongo wa vitoto vilivyo tumboni. Ndiyo maana swali la kama paka ana mimba hupaswa kujibiwa kabla ya tiba, wala si baada yake.

Uzazi wa paka haufuati mwezi. Yai lake hutolewa kwa kuchochewa na tendo lenyewe la kupandwa, kwa kawaida siku moja hadi mbili baadaye, na akipandwa na madume kadhaa, watoto wa mzao mmoja waweza kuwa na baba tofauti. Mimba huchukua takriban siku 63 hadi 67. Mwenye paka aliyeiandika tarehe ya kupandwa humpunguzia daktari nusu ya kazi.

Wiki mbili za mwanzo hazionyeshi kitu. Kuelekea wiki ya tatu chuchu huvimba kidogo na kuwa na rangi ya waridi, dalili inayoonekana vizuri zaidi kwa paka wa mimba ya kwanza. Baadhi hutapika siku chache, kisha hamu ya kula huongezeka, na tumbo huanza kujitokeza yapata wiki ya tano. Lakini tumbo ni shahidi asiyeaminika: minyoo hulijaza, maji ya ugonjwa hulijaza, na usaha uliokusanyika katika mfuko wa uzazi hulijaza vilevile. Huo wa mwisho ni hatari ya kifo. Paka mwenye tumbo kubwa anayekunywa maji kupita kiasi, aliyenyong'onyea, asiyekula, au anayetokwa na uchafu wenye harufu ukeni, hangojewi azae.

Ipo pia mimba ya uongo. Paka aliyepandwa bila mimba kutunga huacha kuita dume kwa muda wa siku 40 hivi, na nyumba nzima ikaanza kumwandalia sanduku.

Uthibitisho ni kazi ya daktari wa mifugo. Kati ya siku ya 20 na ya 30, mkono wenye uzoefu huweza kuhisi vivimbe vilivyopangana kama shanga. Baadaye huungana visitambulike. Mwenye paka asijaribu mwenyewe, kwani kuminya kwaweza kuitoa mimba. Ultrasaundi ndiyo bora: kuanzia wiki ya nne huonyesha mioyo ya vitoto ikipiga zaidi ya mara 200 kwa dakika, ingawa kuwahesabu kwa njia hiyo hukosewa mara nyingi. Hesabu sahihi hutolewa na eksirei baada ya siku ya 45, mifupa ikiwa imekomaa. Palipo na maabara, damu hupimwa homoni ya relaksini, inayotoka kwenye kondo la nyuma, na hivyo mimba ya uongo haiidanganyi.

Mama mjamzito anayeishi na paka huyo hana haja ya kumfukuza. Vimelea vya toksoplasma hutoka katika kinyesi cha paka kwa wiki moja hadi tatu, kwa kawaida baada ya maambukizi yake ya kwanza, na huhitaji walau siku moja nje kabla ya kuweza kuambukiza. Kinyesi kikizolewa kila siku na mtu mwingine, hatari hupungua sana. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa zinastahili hofu kubwa zaidi. Vitoto vikianza kuwinda ndivyo vya kuangaliwa.

Paka aliyezaa hulinda wanawe kwa kucha na meno. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha afike kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya kinga ya kichaa cha mbwa, hasa ikiwa paka hana chanjo.