Choo cha Kwanza cha Mtoto

Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni hutoa choo cha kwanza, cheusi na chenye kunata kama lami, ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Zaidi ya tisa katika kila kumi hufanya hivyo. Saa 48 zikipita bila choo, tumbo likajaa na mtoto akatapika matapishi ya kijani, kuna kizuizi kinachopaswa kutafutwa siku hiyohiyo. Mara nyingine chanzo ni kasoro ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kasoro mbili ndizo kubwa, na kila moja humpata takriban mtoto mmoja kati ya 5,000.

Ya kwanza ni kuzaliwa bila njia ya haja kubwa. Kuigundua hakuhitaji mashine: mkunga humgeuza mtoto, akayatenganisha matako na kutazama. Hata hivyo kasoro hii hujificha, hasa kwa wasichana. Kwa wengi wao puru hufungukia kwenye kitundu kando ya mlango wa uke. Choo huonekana kwenye nepi, kila mtu akaridhika, hadi mtoto aanze uji na choo kigumu kishindwe kupita. Kwa wavulana puru mara nyingi huungana na njia ya mkojo, na mkojo hutoka na chembe za choo.

Ya pili hutokana na neva. Kati ya wiki ya 5 na ya 12 ya mimba, chembe za neva husafiri ndani ya utumbo kutoka juu kwenda chini. Zikiishia njiani, sehemu ya mwisho hubaki imekaza, haisukumi kitu, na choo hurundikana juu yake. Daktari Harald Hirschsprung wa Copenhagen alieleza habari za watoto wawili wa namna hiyo mwaka 1886, na ugonjwa ukapewa jina lake. Kwa miongo mingi madaktari walishughulika na utumbo uliovimba, kumbe huo ndio wenye neva. Ugonjwa uko chini yake, kwenye sehemu nyembamba. Orvar Swenson alipotangaza upasuaji wa kuiondoa sehemu hiyo mwaka 1948, watoto wakaanza kupona. Wavulana hupatwa takriban mara nne zaidi ya wasichana.

Magole, kata ya Kilosa iliyo kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, mtoto wa namna hii ana safari ndefu mbele yake: zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Morogoro, kisha Muhimbili, Dar es Salaam. Siku nyingi zaidi huweza kupotea kabla safari haijaanza. Mama akiruhusiwa mapema, tumbo hujaa akiwa nyumbani, na jina la kwanza linalotajwa ni mchango. Dawa za mitishamba na kipande cha sabuni huchelewesha tu. Kabla ya rufaa, mtoto anayetapika huwekewa mrija puani wa kutoa hewa na nyongo, hupewa dripu, hufunikwa apate joto, na kunyonya husitishwa. Mambo hayo manne ni ya kawaida kabisa, nayo huokoa maisha barabarani.

Hospitalini, kwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa Hirschsprung, eksirei baada ya kuingiza dawa kwa njia ya haja kubwa huonyesha utumbo unapobadilika kutoka mwembamba kuwa mpana. Neno la mwisho hutolewa na darubini, inayotafuta neva katika kipande kidogo cha nyama ya puru. Aliyezaliwa bila njia hupimwa pia moyo, figo na uti wa mgongo, maana kasoro za viungo hivyo huandamana na hiyo.

Mara nyingi utumbo hutolewa kwanza ubavuni na choo kipitie mfukoni. Mifuko ikikosekana, mama hutumia vitambaa safi, na ngozi inayozunguka hupakwa mafuta mazito isichubuke. Miezi kadhaa baadaye njia ya kudumu hutengenezwa. Kwa wasio na njia, mbinu iliyoenea ni ile ya Alberto Peña na Pieter deVries, iliyotangazwa mwaka 1982: daktari hupasua katikati kabisa, akaiweka puru ndani ya misuli ya kubana choo. Baadaye mzazi hufundishwa kuipanua njia hiyo mpya kidogokidogo nyumbani.

Mwenye ugonjwa wa Hirschsprung, hata aliyekwisha kupasuliwa, akipata homa, tumbo likavimba na kuharisha choo chenye harufu kali, ana uvimbe hatari wa utumbo na hapaswi kulala nyumbani. Wengine hukua bila kuweza kuzuia choo. Hao husafishwa utumbo kwa maji yenye chumvi ya kipimo cha hospitali, kila siku saa ileile, na hukaa darasani mchana kutwa bila kuchafuka.