Galoni Ipi, Lita Ngapi? Hesabu ya Maji ya Kisima Pemba

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake au Wete ukaulizia pampu ya maji, swali la kwanza utakaloulizwa ni la nguvu: nusu hosi pawa, moja, au moja na nusu? La pili ni la bei. Jambo lenyewe lililokutoa nyumbani, yaani maji kiasi gani yataingia kwenye tangi kwa dakika au kwa saa, mara nyingi halitajwi mpaka pampu imeshafungwa na malalamiko yameanza. Na jawabu lilikuwepo pale pale dukani, limechapwa kwenye kibao kidogo ubavuni mwa pampu. Kibao kimoja kinasema L/min, lita kwa dakika. Cha jirani yake kinasema m³/h, mita za ujazo kwa saa. Cha tatu, cha pampu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, kinasema GPM, galoni kwa dakika. Tarakimu tatu tofauti zinaweza kueleza maji yale yale, na tarakimu moja inaweza kueleza maji ya viwango viwili.

Kwa Pemba hili si jambo dogo. Kisiwa hakina ziwa kubwa, na mito yake ni mifupi. Maji ya watu walio wengi hutoka chini ya ardhi, ama kwenye visima vilivyochimbwa kwa mkono, ama kwenye visima virefu vya Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kebo ya umeme ilipopitishwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga mwaka 2010, kisiwa kiliacha kutegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na pampu ya umeme ikawa kitu ambacho hata nyumba ya kawaida inaweza kukifikiria. Hesabu ya mtiririko wa maji, iliyokuwa kazi ya wahandisi ofisini, sasa imeingia uani kwetu.

Tuanze na galoni, maana hiyo ndiyo inayoponza. Zipo mbili. Ya Kiingereza iliwekwa na sheria ya Bunge la Uingereza mwaka 1824, kuwa ni ujazo wa ratili kumi za maji. Leo inahesabiwa kuwa lita 4.546. Wamarekani walikuwa wameshajitawala na hawakuifuata. Wao walibaki na galoni ya zamani ya mvinyo, ya enzi za Malkia Anne, yenye inchi za ujazo 231, sawa na lita 3.785. Kwa hiyo galoni ya Kiingereza imeizidi ya Kimarekani kwa asilimia 20, na njia nyepesi ya kulikumbuka hilo ni kwamba galoni tano za Kiingereza ni sawa na sita za Kimarekani.

Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza kuanzia 1890 hadi Disemba 1963. Kwa hiyo galoni waliyoizoea wazee wetu ni ile kubwa, ya Kiingereza. Galoni inayokuja leo ndani ya boksi la pampu aghalabu ni ile ndogo, ya Kimarekani. Kibao hakisemi ni ipi. Kinaandika GPM na kuishia hapo.

Chukua pampu iliyoandikwa galoni 10 kwa dakika. Kama galoni hizo ni za Kimarekani, zitatoka lita 37.9 kila dakika, na tangi la lita 2,000 litajaa kwa dakika 53. Kama ni za Kiingereza, zitatoka lita 45.5, na tangi litajaa kwa dakika 44. Dakika tisa zinaonekana si kitu. Lakini fikiria skuli au msikiti unaoendesha pampu saa nne kila siku: tofauti inafika zaidi ya lita 1,800, ambazo ni madumu 90 ya lita ishirini. Hayo ni maji ya kutawadha na ya choo ambayo kamati iliyahesabu kwenye karatasi, na kwenye mfereji hayapo.

Mpemba hahitaji kufundishwa kwamba mali moja hupimwa kwa njia mbili. Msimu wa karafuu mchumaji hulipwa kwa pishi, na mwenye shamba huuza karafuu kavu kwa kilo kwa Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar, ZSTC. Baina ya pishi na kilo, si Mtambile wala Konde utakapompata mtu anayekubali kupunjwa kwa kutojua hesabu. Ukali ule ule tunauhitaji kwenye maji.

Hesabu zenyewe ni chache. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, na hiyo ni galoni 220 za Kiingereza au 264 za Kimarekani. Galoni za Kiingereza kwa dakika zizidishe kwa nne na nusu, utapata lita kwa dakika zilizo karibu sana na ukweli. Za Kimarekani zizidishe kwa 3.8. Lita kwa sekunde zizidishe kwa 3.6, utapata mita za ujazo kwa saa. Vitabu vya zamani vya umwagiliaji hutumia pia futi ya ujazo kwa sekunde, na anayefuatilia mabonde ya mpunga kama Makwararani na Mlemele anaweza kukutana nayo. Hiyo ni lita 28.3 kwa sekunde, zaidi ya mita za ujazo 100 kwa saa. Ni maji ya bonde, hayahusiani na pampu ya uani.

Kuna mtego mwingine ambao hauko kwenye galoni bali kwenye saa. Ripoti ya kisima inaweza kusema galoni 10,000 kwa siku. Siku ipi? Ikiwa ni galoni za Kiingereza, hizo ni mita za ujazo 45 na nusu. Kama mwandishi alikusudia pampu ifanye kazi saa 24, kisima kinatakiwa kutoa mita za ujazo 1.9 kwa saa, jambo ambalo kisima cha wastani kinaweza kulimudu. Kama alikusudia saa nane za mchana, kisima hicho hicho kinatakiwa kutoa mita 5.7 kwa saa, mara tatu zaidi. Mtu akinunua pampu kwa hesabu ya pili ilhali kisima kilipimwa kwa hesabu ya kwanza, atakuwa na pampu inayokikausha kisima kabla ya adhuhuri. Kwa maoni yangu, hesabu ya maji kwa siku isiyotaja saa za kusukuma ni hesabu nusu, na ingekuwa vizuri isikubaliwe kwenye kikao chochote cha shehia.

Bahati nzuri ipo njia ya kuyapata maji ya kweli bila kutegemea maandishi ya mtu. Inahitaji ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Kwanza ihakikishe ndoo, kwa sababu ndoo nyingi hupita lita 20 zikijazwa mpaka ukingoni. Ipime kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu: chupa 13 na theluthi ndiyo lita 20. Weka alama ya rangi hapo yalipofika maji. Kisha iache pampu ifanye kazi kwa robo saa hivi, mpaka maji ya mwanzo, yale yaliyokuwa yamelala kisimani, yatoke. Shika mdomo wa bomba pale maji yanapoingilia kwenye tangi, juu kabisa, wala si chini karibu na pampu, kinga ndoo na uhesabu sekunde mpaka maji yafike kwenye alama. Rudia mara tatu uchukue wastani.

Sasa chukua 72 uigawe kwa sekunde ulizopata. Jawabu ni mita za ujazo kwa saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 36, maji ni mita mbili kwa saa. Ikijaa kwa sekunde 24, ni mita tatu kwa saa, yaani lita 50 kwa dakika. Lita hizo 50 muuzaji mmoja anaweza kuziandika galoni 11, na mwingine galoni 13, na wote wawili wakawa wamesema kweli.

Kwa nini upime juu kwenye tangi? Kwa sababu tarakimu kubwa ya kwenye kibao ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Kibao kina herufi mbili, Q na H. Q ni kiasi cha maji, H ni urefu ambao pampu inaweza kuyapandisha. Kilele cha Q na kilele cha H havikutani hata siku moja: pampu inapofika mwisho wa urefu wake haitoi hata tone, na inapotoa maji mengi kabisa basi hayapandi. Pampu nzuri huja na jedwali au mchoro unaoonesha kwenye mita 10 inatoa lita ngapi, kwenye mita 20 ngapi. Kisima chenye maji kwenye kina cha mita 15 na tangi lililo juu ya mnara wa mita 5 tayari ni mita 20, kabla hujahesabu msuguano wa bomba. Na hapa tena vipimo viwili hukutana, kwani pampu ya galoni huandika urefu kwa futi. Futi moja ni mita 0.305, kwa hiyo futi 66 ndizo hizo mita 20.

Bomba nalo lina sauti yake. Sisi tunaagiza kwa inchi, nusu inchi, robo tatu, inchi moja, hata pale plastiki yenyewe imechapwa milimita 20, 25 na 32. Upana wa ndani ukizidishwa mara mbili, nafasi ya maji kupita huzidi mara nne. Maji yakienda mita moja kwa sekunde ndani ya bomba lenye inchi moja kamili kwa ndani, hutoka lita 30 kwa dakika. Ndani ya nusu inchi hutoka chini ya lita 8. Kununua pampu ya lita 50 kwa dakika ukaifunga na bomba la nusu inchi ni kulipia umeme wa maji ambayo hayatafika.

Lakini jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni chumvi. Visiwani, maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake alifikia kanuni moja: palipo na mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna kama mita 40 za maji matamu kabla hujafika kwenye chumvi. Kanuni hiyo inafanya kazi kinyume pia. Ukiyashusha maji ya kisima kwa nusu mita tu na kuyaweka hapo, mpaka wa chumvi utaelekea kupanda mita 20. Katika ardhi ya mawe ya matumbawe ya upande wa Micheweni, na kwenye vijiji vilivyo karibu na mikoko, kusukuma zaidi ya uwezo wa kisima hakuishii kwenye kuunguza mota. Kunaharibu maji ya jirani, na chumvi ikishaingia huchukua muda mrefu kutoka.

Ndiyo maana kipimo cha uwezo wa kisima, anachokifanya mchimbaji kwa kusukuma maji kwa saa nyingi huku akiangalia yanashuka kiasi gani, kina thamani kuliko pampu yenyewe. Kisima kilichopimwa kuwa na uwezo wa mita mbili za ujazo kwa saa kinahimili galoni 8.8 za Kimarekani kwa dakika, au 7.3 za Kiingereza. Fundi akiambiwa "nane" bila kuelezwa galoni gani, kwa hesabu moja yuko salama na kwa nyingine anakinyonya kisima kupita kiasi kila siku ya Mungu.

Masika nayo yana hesabu yake, nayo ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja kamili. Nyumba yenye bati la mita za mraba 60, ikinyeshewa milimita 20, imepokea lita 1,200 juu ya kichwa chake. Kwa inchi na futi na galoni hesabu hiyo hiyo huhitaji karatasi na kalamu. Mvua ya namna hiyo ikishuka ndani ya nusu saa, huteremsha lita 40 kwa dakika kwenye mfereji wa bati, sawa na pampu nzuri, bila umeme. Anayetaka kukinga maji ya mvua achague bomba la kushushia maji kwa tarakimu hiyo.

Wenye maduka, mnaujua ubora wa bidhaa zenu kuliko sisi. Bandikeni kwenye kila pampu karatasi ya mkono inayosema inatoa lita ngapi kwa dakika kwenye urefu wa mita 10, 20 na 30. Wachimbaji wa visima, msiondoke bila kumwachia mwenye nyumba maandishi yanayotaja kina cha kisima, usawa wa maji, uwezo wa kisima kwa lita kwa saa, na tarehe ya kupima. Masheha, visima vya jamii viandikwe uwezo wake kwa rangi juu ya mfuniko ili fundi atakayekuja miaka kumi ijayo asibahatishe. Na wewe unayekwenda kununua pampu, usitoe pesa mpaka umejibiwa inatoa lita ngapi kwa dakika kwa urefu wa tangi lako. Ukitajiwa galoni, uliza ni ya Kiingereza au ya Kimarekani.