Mbwa anayebaki peke yake nyumbani

Sisi wa Kasapa tunatoka asubuhi kwenda mashambani, tunarudi jioni. Imbwa wetu anabaki na kamba fupi, jua la mwezi wa kumi linampiga, kisha tunashangaa anabweka kutwa na kumrukia mtoto wa jirani! Kosa si lake. Kabla ya kutoka, tumfungue akimbie kidogo. Tumwachie bukari na mfupa mkubwa mbichi wa kutafuna. Uliopikwa unavunjika vipande, unamchoma tumboni. Maji yakae kivulini, ndani ya chombo kizito asiyamwage. Kamba iwe ndefu. Na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Akiuma mtu, tuoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku ileile.