Mbwa Anaposafiri Ng'ambo: Anza na Sindano ya Kichaa

Leo tutazungumza juu ya kumsafirisha mbwa kwa ndege hadi nchi za nje. Usicheke. Familia nyingi za hapa Machakos zina watu wao Uingereza, Ujerumani na Marekani. Baba akipata kazi huko na kuwaita mke na watoto, watoto hawakubali kumwacha Simba nyuma. Mara nyingi ni mama anayehangaika na stakabadhi. Na wewe uliyeajiriwa, mwajiri wako akihama, huenda ukatumwa umpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo. Kwa hivyo chukua kalamu na karatasi.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: karibu stakabadhi zote za mbwa hutegemea tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Tarehe hiyo ikikosewa, safari huchelewa kwa miezi.

Kwa nini nchi za nje hutubana hivi? Kwa sababu kichaa cha mbwa bado kipo kwetu. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mbwa mwaka wa 1912, na haujaisha. Mwaka wa 2014 serikali ilitoa mpango wa kuumaliza ifikapo 2030, na Machakos ilikuwa miongoni mwa kaunti 5 zilizochaguliwa kuanza, pamoja na Makueni, Kitui, Siaya na Kisumu. Uingereza imeuondoa ugonjwa huu kwa mbwa wake, na haitaki urudi kupitia mlango wa ndege.

Sasa tufuate hatua za Uingereza. Za nchi za Umoja wa Ulaya zinafanana nazo sana.

Hatua ya kwanza ni chipu. Hiki ni kidude kidogo kama punje ya mchele, ambacho daktari wa mifugo hukiingiza chini ya ngozi ya mbwa. Kina namba yake, na namba hiyo huandikwa kwenye kila cheti. Chipu hutangulia chanjo, au vyote viwili hufanywa siku moja. Mbwa akichanjwa kabla ya kuwekwa chipu, chanjo hiyo haihesabiwi na itabidi achanjwe tena.

Hatua ya pili ni chanjo ya kichaa. Mbwa awe ametimiza wiki 12. Hakikisha cheti kina namba ya chipu, jina la dawa, namba ya toleo lake, tarehe ya kuchanjwa, tarehe ya kuisha, na sahihi na muhuri wa daktari. Kadi iliyoandikwa "amechanjwa" peke yake haitoshi.

Hatua ya tatu ni kupima damu. Baada ya siku 30 tangu chanjo, daktari hutoa damu na kuituma kwa maabara iliyoidhinishwa na nchi mnayoelekea. Wanatafuta kama mwili wa mbwa umejenga kinga. Kipimo kisipungue uniti 0.5 kwa kila mililita. Kikipungua, mbwa huchanjwa na kupimwa upya.

Hatua ya nne ni kungoja miezi 3 kamili tangu siku damu ilipotolewa. Hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme Simba amewekwa chipu na kuchanjwa tarehe 10 Januari, na damu ikatolewa tarehe 12 Februari. Hataingia Uingereza kabla ya tarehe 12 Mei. Hiyo ni zaidi ya miezi 4. Basi ukisikia tu fununu ya kuhama, mpeleke mbwa kwa daktari. Usingoje viza za watoto zitoke.

Hatua ya tano ni cheti cha afya. Hiki hutiwa sahihi na daktari wa mifugo wa serikali ndani ya siku 10 kabla ya mbwa kufika. Makao makuu ya Idara ya Huduma za Mifugo yako Kabete, Nairobi. Uliza mapema wanataka karatasi zipi, nawe ubebe za asili pamoja na nakala.

Hatua ya sita ni dawa ya tegu. Kwa Uingereza, daktari humpa mbwa dawa hiyo kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika, na kuiandika kwenye cheti. Akitarajiwa kufika Jumamosi, Jumatano ni siku nzuri.

Kumbuka pia kwamba mbwa hakubaliwi kuingia Uingereza kwa ndege akiwa nawe kwenye viti. Husafirishwa kama shehena, ndani ya kizimba ambamo anaweza kusimama, kugeuka na kulala. Mzoeshe kizimba hicho nyumbani wiki kadhaa kabla. Usimpe dawa ya usingizi bila ushauri wa daktari, maana inaweza kumzuia kupumua vizuri angani.

Marekani ilianzisha kanuni mpya tarehe 1 Agosti 2024. Mbwa awe ametimiza miezi 6 na awe na chipu. Anayetoka nchi yenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na Kenya imo, huwa na masharti zaidi. Usitumie orodha ya Uingereza kwa safari ya Marekani. Kila nchi ina yake.

Mama, katika ile miezi ya kungoja, Simba bado yuko uani na watoto. Mfungie usiku, asizurure. Akiumwa na mbwa asiyejulikana, mwarifu daktari wa mifugo hata kama amechanjwa. Na ikiwa uani kuna mbwa wengine ambao hawasafiri, wachanjwe siku hiyo hiyo. Sindano inayomfungulia Simba mlango wa ndege ndiyo inayomlinda mtoto wako hapa nyumbani. Ulimwenguni, karibu watu 99 kati ya 100 wanaopata kichaa wameambukizwa na mbwa, na watoto chini ya miaka 15 ni wengi miongoni mwao.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata kama ni mbwa wenu, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta wala majani. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na amalize sindano zote atakazopangiwa, hata kidonda kikiwa kimepona. Usimuue mbwa huyo kwa hasira. Ikiwezekana, afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini akitibiwa mapema, ugonjwa huzuilika.

Mwisho, mkiona gharama zimewazidi, msimtupe mbwa barabarani siku ya kuondoka. Mtafutieni jirani au jamaa wa kumtunza, mumkabidhi pamoja na cheti chake, na mumwonyeshe tarehe ya chanjo inayofuata. Mbwa aliyetupwa hukosa chanjo, na huenda akamuuma mtoto wa mwenzio.

Tumkumbushane kwa ufupi: chipu, chanjo, siku 30, damu, miezi 3, cheti, dawa ya tegu. Anza leo na mbili za kwanza.